Masale ya Majanini

Mundu wa kukatia majani ya ng'ombe hauazimwi. Hivyo ndivyo nilivyowakuta wanawake wa Kimeru. Panga watakupa, jembe watakupa, hata sufuria kubwa ya sherehe watakupa pamoja na mtu wa kukusaidia kuibeba. Lakini mundu kila mmoja ana wake, na mpini umeshalika kwa umbo la kiganja cha mwenyewe. Wa Elinami ulikuwa mwembamba kuliko yote. Alikuwa nao tangu alipoolewa, na jiwe langu lilikuwa likiumega kidogo kidogo kila nilipopita.

Nianzie hapo, maana ni mundu huo ulionifahamisha naye. Kazi yangu ilikuwa kunoa. Nilikuwa na baiskeli niliyoifunga jiwe. Ukiisimamisha kwenye stendi na kupiga pedali, jiwe linazunguka. Kwangu ni Kijenge, mjini. Siku nyingine nilishuka Njiro kwa wenye nyumba za kuzungushiwa ukuta, ambako visu havikati hata nyanya iliyoiva, kwa sababu wasichana wa kazi wanakatia juu ya sahani. Siku nyingine nilishika barabara ya Moshi, nikakata kushoto na kupanda mlima mpaka kwenye migomba. Huko hakuna kuta. Unapiga kengele, na kabla hujashuka kwenye baiskeli umeshaletewa kigoda.

Elinami, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Oscar kwa jina la mwanawe wa pekee, alikuwa mjane. Mumewe alifariki miaka ile kahawa ilipoachiwa wanunuzi binafsi, bei ikapanda msimu mmoja kama moto wa makaratasi kisha ikazimika. Yeye akang'oa mibuni, akapanda migomba na maharage, na akanunua mtamba mmoja kutoka kwa masista wa Kikatoliki. Ng'ombe huyo alimwita Sista. Majirani, ambao ni Walutheri kama yeye, walimtania.

"Mama Oscar, umemleta Mkatoliki zizini?"

"Akitoa maziwa simuulizi dhehebu," alijibu.

Sista alifungwa ndani, hakutoka. Majani aliletewa. Na majani yalitoka mahali pamoja tu, Majanini.

Majanini palikuwa ni kinamasi, chini ya kijiji, kwenye bonde. Ukifika unasikia harufu ya matope na mnanaa. Matete, mafunjo, nyasi zinazofika kifuani. Korongo wenye taji za dhahabu kichwani walitembea mle kama wazee wa kanisa wanaokusanya sadaka. Pembeni ilikuwepo miti mikubwa, mikuyu na miringaringa, na mbega waliruka humo wakiburuta mikia yao myeupe. Mwishoni kabisa, chini ya mkuyu mmoja, ndipo ilipotoka chemchemi ya kijiji. Ng'ambo ya pili kulikuwa na shamba kubwa. Lilikuwa la mlowezi, likawa la serikali, mwishowe likawa la magugu. Shamba lile lilikoma wapi, na kijiji kilianzia wapi, hakuna aliyejua kwa uhakika, maana hakuna aliyewahi kuhitaji kujua.

Basi ikaja ile miaka ya soko huria. Viwanda mjini vikafungwa au vikapunguza watu. Ephraimu, mdogo wake marehemu mume wa Elinami, akarudi nyumbani na godoro, redio, na watoto wanne. Ardhi hakuna, ndugu walishagawana mpaka vihamba, yale mashamba ya ukoo, vikawa kama vitambaa. Akaangalia chini, akaona Majanini. Akaingia na jembe, akachimba mitaro ya kutoa maji, akapanda nyanya. Zilistawi, nisiseme uongo. Nilizila. Wengine wakamfuata, na kila mmoja na mtaro wake.

Kisha ukaja ukame, ule wa kabla ya mvua za El Nino. Siku moja nilimkuta Elinami amekaa kwenye chemchemi na ndoo, anasubiri. Maji yalikuwa yanachuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Mbona uko peke yako?"

"Wenzangu wamechoka kusubiri, wamekwenda mtoni. Ile mitaro imepatoboa Majanini. Maji yote yanakimbia."

Alianza kwa kumfuata Ephraimu. Nilikuwepo, nilikuwa nalinoa panga lake.

"Shemeji, fukia ile mitaro."

"Nikifukia nitakula nini? Chemchemi?"

"Utakunywa."

"Sawa. Na wanangu watakunywa. Tutalala tumeshiba maji."

Wote wawili walicheka, lakini cheko lile halikufika mbali. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa jambo lake litapelekwa kwenye kamati. Likapelekwa, likakaa huko. Ndipo Elinami akakumbuka isale.

Hapa inabidi nieleze, maana wengine mnaonisoma hamtoki upande huu. Isale ni mmea wa majani marefu, ya kijani kibichi, unaoota hata ukiuchomeka kijiti tu. Wameru wanaupanda mpakani, kama wafanyavyo Wachaga. Palipopandwa isale huvuki na jembe, na kuling'oa ni jambo ambalo mtu mwenye akili zake hafanyi. Ataogopa kwa ajili ya watoto wake. Halafu lina kazi ya pili. Mtu aliyekukosea, hata kama ni kosa la damu, akija kwako amelishika isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Mimi ni Mwislamu, watu wetu walitoka Pangani, kwetu hakuna kitu hicho. Lakini nimewahi kuwaona wanaume wawili waliokuwa wameshikiana mapanga wakilegea mikono kwa sababu ya jani hilo.

Jumapili moja, baada ya ibada, wanawake waliteremka na nguo zao za kanisani, kila mmoja na vipande vya masale alivyokata kwenye mpaka wake. Elinami alikuwa mbele. Wakapanda kuanzia kwenye mkuyu wa chemchemi, wakazunguka upande wote wa kijiji hadi pale miti inapokwisha. Makubaliano yao yalikuwa mafupi. Mundu unaruhusiwa kuvuka, jembe haliruhusiwi.

Ephraimu alisimama ndani, kati ya nyanya zake, ndoo mkononi, anawatazama.

"Umenifunga kwa jani, shemeji."

"Sikukufunga wewe. Nimefunga maji yasitoroke."

"Mimi ndiye niliye ndani lakini."

Alichuma zilizoiva, za kijani akaziacha zioze. Hakurudi tena, wala wale wengine. Alikwenda Njiro kubeba zege kwenye nyumba za watu, na tangu siku hiyo hakukanyaga nyumbani kwa Elinami. Alimsalimu kutoka barabarani, kwa heshima, bila kusimama. Na Elinami alikuwa amemlelea wale watoto wawili wakubwa wakati yeye yuko mjini.

El Nino ilipokuja ilijaza kila kitu. Mitaro ilifukiwa na matope, matete yakarudi, chemchemi ikatoa maji ya kutosha kijiji na cha jirani. Korongo walirudi pia. Wanawake wakawa wanamsifu Mama Oscar kanisani. Masale yakakua, yakasimama mstari ulionyooka, mazuri kuyatazama.

Kama yasingekuwa mazuri vile, pengine lisingetokea lililotokea.

Baada ya mvua zile tukasikia shamba limepata mwekezaji. Wakaja wapimaji. Mimi nilikodiwa kunoa mapanga ya vibarua waliokuwa wakikata mkuza, ile njia nyembamba vichakani ya kupitishia vipimo, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu. Ephraimu alikuwa mmoja wa vibarua hao. Mpimaji alikuwa kijana mpole, amevaa kofia ya jua, hana majivuno. Ramani za zamani za shamba zilisema tu kwamba mpaka uko kwenye kinamasi. Upande gani wa kinamasi, hazikusema. Akauliza wenyeji. Mwenyekiti akasema, "Mwiteni Mama Oscar, mambo ya kule chini ni yake."

Elinami akaja anajifuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nasikia wewe ndiye unayeujua mpaka."

"Mpaka si huo hapo? Masale hayo. Nimeyapanda mwenyewe na wenzangu."

"Na watu wa kijiji wanalima huko ng'ambo ya masale?"

"Nani? Thubutu! Hata huyu shemeji yangu nilimtoa na nyanya zake. Havuki mtu."

"Kabisa?"

"Kabisa, baba. Muulize mwenyewe."

Kijana akamgeukia Ephraimu. Ephraimu alikuwa ameshika panga nililotoka kulinoa. Akamtazama shemeji yake, akatazama chini.

"Ndivyo alivyosema," akajibu. "Mimi nilitolewa."

Elinami akafurahi. Baadaye aliniambia alidhani wale ni watu wa serikali waliokuja kuzuia kinamasi kisilimwe, ndiyo maana alijibu kwa nguvu vile, ili wasije wakaona kijiji hakina msimamo. Akakumbuka jambo. "Lakini majani tunakata, kwa mundu," akasema. Kijana alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye kile chombo chake cha miguu mitatu. Elinami hakumfuata. Aliwaletea vibarua maji ya kunywa, ya chemchemi.

Kesho yake zikasimikwa bikoni, zile nguzo fupi za zege. Kila moja ilisimama bega kwa bega na isale.

Ilipita miezi kabla ya kuitwa mkutano shuleni. Watu walikuja wakiwa wachangamfu, maana ilisemekana kutakuwa na ajira. Shamba lingekuwa uwanja wa gofu, na nyumba za kupangisha wageni kuuzunguka. Mzee mmoja nyuma yangu alitaka aelezwe gofu ni nini.

"Unapiga kijiyai kwa fimbo," jirani yake alimwambia, "halafu unakifuata."

"Ukikifikia?"

"Unakipiga tena."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa."

"Basi ni kuchunga. Kuchunga bila ng'ombe."

Watu wakacheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Akasimama mtaalamu wa mazingira, mama mmoja msomi, Mtanzania mwenzetu, mwenye sauti ya upole. Alitundika ramani kubwa ukutani. Alisema mchoro wa kwanza ulikuwa unapitisha uwanja katikati ya Majanini, na miti ile ya mbega yote ingekatwa. Yeye amekataa. Amegombana na wenzake ofisini mpaka wamekubali kuhamishia mashimo ya gofu upande wa migunga. Akaweka kiganja kwenye sehemu iliyopakwa rangi ya kijani.

"Hapa hapataguswa. Hapalimwi, hapajengwi, hapakatwi mti. Daima."

Nadhani alikuwa anasema kweli, na nadhani alikuwa amegombana kweli. Elinami alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alisimama kabisa. Kisha, akiwa bado amesimama, akauliza kwa furaha ile ile:

"Sasa mama, sisi tutaingilia wapi kukata majani?"

Yule mama akatazama ramani, akamtazama yeye.

"Hamtaingia, mama yangu. Ni eneo la hifadhi, na liko ndani ya mpaka wa shamba. Litawekwa uzio ili lisiharibiwe."

"Mpaka gani?"

"Wa masale. Si mliuonyesha wenyewe?"

Sauti ilitoka nyuma, karibu na dirisha. Ilikuwa ya Ephraimu.

"Piga makofi tena, shemeji."

Mwenyekiti akajaribu kuokoa. Akauliza kama hakuna haki ya watu waliokuwa wakiitumia ile sehemu. Mama msomi akasema waliokutwa wakitumia ardhi upande mwingine wa shamba walifikiriwa wote, wengine wamepewa viwanja. Huku hakuna aliyekutwa. Palikuwa patupu, na wenyeji walisema kwa vinywa vyao kwamba havuki mtu.

"Mimi nilikuwa mle," Ephraimu alisema, na sasa hakuwa anakejeli. "Nilikuwa mle na nyanya zangu. Wangenikuta."

Elinami alikaa chini. Tangu siku ile sikumsikia tena akicheka na ng'ombe wake.

Uzio ulikuja, wa waya. Mlinzi wa upande ule alikuwa Mwarusha mmoja anaitwa Koikai. Mwanzoni aliwaachia wanawake wapenye alasiri na miundu yao, akawa anatazama pembeni. Akaonywa. Nilikuwepo siku alipomrudisha Elinami.

"Koikai, mwanangu, hata mzigo mmoja?"

"Yeyo, mama yangu, usinifanye nikukimbize. Mimi pia nina watoto."

"Nani atayakata sasa? Si yataanguka yenyewe yaoze?"

"Ndiyo wanavyotaka. Wanasema yakioza ndio uhai wa ndege."

Hata leo sijui kama ni uongo au ni kweli. Elinami alianza kutafuta majani kando ya barabara ya Moshi, mbali, akigombea na wenye mbuzi, majani yenye vumbi na moshi wa malori. Akifika nyumbani na mzigo kichwani, maziwa aliyokamua asubuhi kwa ajili ya wateja yalikuwa yamekwisha kuchacha.

Ukipita nje ya waya uliona Majanini ilivyokuwa. Walitimiza ahadi, hakuna jembe lililoingia. Waliweka kibao chenye picha ya korongo. Lakini ng'ambo ya pili migunga yote ilikatwa, na pakaoteshwa nyasi fupi kama nywele za askari, na nyasi zile zilinyweshwa maji kiangazi chote, maji ya kurusha juu yanayozunguka. Maji hayo yalitoka kwenye visima virefu vilivyochimbwa kule kule bondeni. Kiangazi cha kwanza chemchemi ilipungua. Cha pili ikawa matope. Kiangazi cha tatu mkuyu wake ulipukutisha majani, ambayo sikuwahi kuyaona yakipukutika. Majanini yenyewe ikaanza kuwa ya njano pembezoni. Basi kampuni ikachimba bwawa katikati, ikalitandika nailoni chini lisivuje, ili ndege wasiondoke. Na hawakuondoka. Wageni wanawapiga picha hadi leo.

Kijiji sasa kilichota mtoni, bondeni zaidi, ambako nako kulikuwa na mashamba ya maua.

Oscar alikuwa amerudi kutoka mjini. Alipata kazi pale pale uwanjani, akapewa sare na mashine ya kukatia nyasi, ile unayokaa juu yake ukaendesha kama trekta dogo. Alimhurumia mama yake kwa safari za barabarani. Siku moja akavusha kiroba juu ya waya, kimejaa nyasi zilizokatwa.

"Mama, haya ni laini. Hata mimi ningeyala."

Sista aliyala, akataka mengine. Oscar akawa analeta kila wiki. Elinami aliniambia kwamba siku zile alipata kupumzika mgongo, na kwamba alimshukuru Mungu kwa mwanawe, akafikiri labda hivi ndivyo itakavyokuwa, yeye nje na majani yakimfuata nje. Wiki moja mvua ilinyesha, kiroba kikakaa siku mbili kabla ya kufunguliwa. Sista akala, akavimba ubavu wa kushoto mpaka ngozi ikawa kama ngoma. Bwana mifugo alifika akiwa amechelewa.

"Kala nini?"

"Majani ya uwanjani," Oscar alisema.

"Yamepigwa dawa?"

"Huwa wanapiga. Sijui kama haya yamepigwa."

"Au yalichacha kwenye kiroba," bwana mifugo alisema. "Nyasi mbichi fupi hivi zikilundikwa zinaua. Siwezi kukuambia ni lipi."

Sista alikufa asubuhi wakati Oscar anavaa sare. Alikaa kizingitini na kiatu kimoja mguuni. Mama yake ndiye aliyemwambia, "Nenda kazini, utachelewa." Akaenda. Angefanya nini?

Baada ya hapo ndipo Ephraimu alipoamua kuhama. Alikuwa amepata pa kupanga Terrat, upande ule mkavu wa jiji, kuna ujenzi. Nilikwenda kwake kumnolea panga na shoka asafiri navyo. Kitanda kilikuwa nje, godoro limekunjwa, ile redio juu yake. Mkewe alikuwa akifunga sufuria. Akatokea Elinami kwenye njia ya migomba, amevaa khanga mbili, ameshika isale kwa mikono yote miwili mbele ya kifua.

Mke wa Ephraimu aliacha kufunga. Mimi nikaacha kupiga pedali.

"Shemeji, nimekuja."

"Nimeona ulichobeba."

"Nilikutoa Majanini, nikawakabidhi watu. Sikujua. Lakini mdomo uliosema ulikuwa wangu."

Ephraimu alitazama lile jani muda. Ni mtu mkubwa wa mwili, zege limemjenga mabega. Hatimaye akanyoosha mkono, akalipokea.

"Nimepokea. Nimekusamehe."

"Asante, shemeji."

"Nimekusamehe kwa kuwa hiki kitu hakikataliwi," akasema. "Ungekuja mikono mitupu, sijui."

"Najua," Elinami akasema. "Ndiyo maana sikuja mikono mitupu."

Nilisubiri kidogo nione kama Ephraimu naye atasema neno la siku ile ya mpimaji, pale alipotazama chini akajibu kwamba alitolewa. Naye alifungua mdomo, nadhani lilikuwa linakuja. Lakini gari la kubebea vyombo likapiga honi barabarani, watoto wakaanza kukimbia, na yeye akaegemeza isale mlangoni ili apate mikono ya kubebea kitanda. Elinami akashika upande wa pili wa godoro. Wakabeba pamoja.

Waliondoka, na isale likabaki limeegemea mlango uliofungwa. Halinyauki upesi, jani lile. Mara mbili nilizopita baadaye nilikuta bado la kijani.

Mara ya mwisho kunoa kwa Elinami alinitolea ule mundu. Ulikuwa na kutu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwake.

"Unyooshe, fundi. Uwe kisu cha jikoni."

"Mama, wa miaka yote hii?"

"Ng'ombe sina. Wa kukata nini? Hauna kazi."

Nilimwambia ungehitaji kupelekwa kwa mhunzi. Akasema nijaribu tu. Nikaushika, nikaupigapiga juu ya jiwe taratibu kuutoa ule upinde, lakini chuma kilikuwa kimekwisha kabisa. Ukakatika katikati. Aliokota kipande cha mbele, akakigeuza mkononi, akakiweka juu ya fito za zizi tupu asije mtu akakikanyaga. Mpini akabaki nao.

"Kule Njiro unakopita," akasema, "hawahitaji mtu wa kufua?"

Nikamwambia nitauliza. Nikauliza, na wakamhitaji. Sasa anafua kwa familia moja ya nyumba ya ukuta, anakaa chumba cha uani, Jumapili anapanda gari kwenda kusali kijijini. Nikipita na baiskeli ananitolea visu vya mama mwenye nyumba, butu kama kawaida. Bwana wa nyumba hiyo siku za mapumziko anapakia mfuko wa fimbo zake kwenye gari na kuelekea barabara ya Moshi. Elinami ndiye anayefua suruali zake. Miguuni zinarudi na vipande vidogo vya nyasi, na kabla ya kuloweka yeye huvitoa kimoja kimoja kwa vidole, akavitupa nje ya geti, mbali na mbuzi wa jirani.